Seti ya kupimia densiti kwa wanaoanza kemia: inunue kwa ajili ya mizani

Ndani ya boksi mna mizani ndogo ya kidijiti ya gramu 200 inayosoma hadi 0.01 g, silinda ya kupimia ya plastiki ya mililita 100, kopo la Eureka (lenye mdomo pembeni wa kutolea maji yanayohamishwa na kitu kilichozamishwa), rula, na michemraba mitatu ya metali iliyoandikwa sentimita 2 kila upande: alumini, chuma na shaba. Yote mitatu imepakwa nikeli, kwa hiyo rangi haisemi kitu. Nililipa shilingi 68,000 za Tanzania, na nimeitumia vya kutosha kujua kipi kinastahili hela hiyo na kipi kimewekwa kujaza boksi.

Karatasi ya maelekezo inasema: pima upande kwa rula, tafuta ujazo, gawanya tungamo kwa ujazo upate densiti. Fomula ni sahihi. Tatizo ni rula. Ukikosea nusu milimita kwenye upande wa milimita 20, umekosea asilimia 2.5, na kwa kuwa upande unazidishwa mara tatu, kosa la ujazo linafika kama asilimia 7.5. Hapo bado hujahesabu kingo zilizoviringwa na tundu la kufungia uzi.

Silinda ndiyo mbaya zaidi kwa vitu vidogo. Mistari yake ni ya mililita 1 moja moja. Weka maji hadi 50, zamisha mchemraba, maji yanapanda hadi 58. Kila usomaji una shaka ya nusu mililita, na usomaji ni miwili, kwa hiyo ujazo unaweza kuwa popote kati ya 7 na 9. Mchemraba ulioandikwa shaba una gramu 67.30, gawanya kwa 9 upate 7.5, gawanya kwa 7 upate 9.6. Chuma (7.87) kimo humo, shaba tupu (8.96) imo humo, na mchanganyiko wa shaba na zinki umo humo. Kipimo cha namna hiyo hakijakutambulishia chochote.

Kinachoiokoa seti hii hakikuandikwa kwenye maelekezo: mizani inaweza kupima ujazo pia, tena kwa usahihi kuliko silinda. Chukua kikombe chepesi cha plastiki, tia maji kama mililita 100, kiweke juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga mchemraba kwa uzi mwembamba wa nailoni, uning'inize hadi uzame wote bila kugusa chini wala kuta. Maji yanausukuma juu, nao unayasukuma maji chini kwa kani ileile, na mizani inaonyesha gramu za maji yaliyohamishwa. Soma namba. Kisha ulegeze uzi, mchemraba ukae ndani, kwenye kitako cha kikombe, usome tena: sasa ni tungamo lake lote. Namba mbili, kikombe kimoja.

Kwa huo mchemraba wa "shaba" nilisoma 7.90 ukining'inia na 67.30 ukiwa chini. Maji ya nyuzi 28 yana densiti ya 0.996, basi ujazo ni 7.90 ÷ 0.996 = 7.93 cm³, na densiti ni 8.49 g/cm³. Hiyo si shaba tupu. Inaangukia kwenye shaba iliyochanganywa na zinki. Muuzaji ameandika jina lisilo lake. Alumini ilitoa 2.70 na chuma 7.84, hao ni wenyewe.

Mwanafunzi anayeanza atumie 1.00 badala ya 0.996, haitamharibia kitu. Kinachomharibia ni viputo vya hewa vinavyong'ang'ania kwenye tundu na kwenye kingo: kila kiputo ni ujazo wa uongo, na densiti inashuka. Tone moja la sabuni ya vyombo linavimaliza. Usitumie bika ya kioo, maana yenyewe na maji hupitisha gramu 200 upesi na mizani inaandika kosa.

Kitu kinachoelea kinapimwa kwa njia ileile ikigeuzwa. Kipande cha mshumaa kikielea, mizani ilionyesha 10.62, nilipokizamisha kwa ncha ya sindano, 11.80. Ya kwanza ni tungamo lake, ya pili ni maji yanayolingana na ujazo wake wote. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 0.90. Nguvu ya kidole haiharibu hesabu, ilimradi ni sindano tu inayoingia majini na mshumaa haugusi chini.

Silinda nimeibakiza kwa vimiminika, lakini ipimwe kwanza. Niliijaza maji hadi mstari wa 50, nikapata 48.90 g, maana yake mstari huo ni 49.1 ml. Hilo bado limo ndani ya mililita 1 inayovumiliwa kwa silinda za daraja B (za usahihi wa kawaida) za ukubwa huu, ila kwa mafuta ya alizeti linaonekana: gramu 44.9 ukigawanya kwa 50 unapata 0.898, ukigawanya kwa 49.1 unapata 0.914, ambayo ndiyo ya kuaminika. Mafuta yapimwe yakiwa ndani ya silinda. Ukiyamimina kwenye kikombe, sehemu inabaki imeganda kwenye kuta. Kwenye plastiki hii uso wa maji unakaa karibu bapa. Kwenye silinda ya kioo maji hupanda pembeni na kubonyea katikati, basi soma pale chini pa mbonyeo, jicho likiwa usawa wake.

Kopo la Eureka sikulipenda. Maji hutambaa chini ya mdomo wake badala ya kudondoka, na tone la mwisho linagoma kutoka.

Mizani nayo ina vituko vyake. Hujizima baada ya dakika moja na kusahau sifuri uliyoiweka, kwa hiyo andaa uzi na mchemraba kabla hujabonyeza kitufe. Ukidondosha maji tone kwa tone ukianzia sifuri, inayachukulia kama mtikisiko na kurudi sifuri. Mimina kwa mkupuo mmoja. Feni izimwe. Jiwe la kusahihishia la gramu 100 halimo kwenye boksi, inabidi ulinunue pembeni.

Kwenye hesabu, makosa ninayoyaona ni mawili. La kwanza ni kugeuza fomula: alumini ikitoka 0.37, ujazo umegawanywa kwa tungamo. La pili ni kuhama kutoka g/cm³ kwenda kg/m³: zidisha kwa 1,000, si kwa 100, kwa hiyo 2.70 inakuwa 2,700. Na kikokotoo kikitoa 8.4867591, andika 8.49, maana kipimo cha 7.90 kilikuwa na tarakimu tatu tu.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama mizani ya namna hii unayo tayari, acha boksi, nunua uzi wa nailoni na kikombe.