Diski inagandisha kompyuta: uitengeneze au uweke SSD (diski ya chipu)?
Kabla ya kutoa dola, soma taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Namba C7 (makosa ya kusafirisha data) ikizidi kupanda, mara nyingi mkosaji ni waya wa SATA, ule unaounganisha diski na kompyuta. Badilisha huo tu. Ikipanda C5, kuna sehemu zisizosomeka: nakili data kwanza, ndipo uendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski. Haigharimu kitu ila saa nyingi, na umeme wa Goma ukikatika katikati, hasara yaweza kuongezeka.

SSD ni ghali zaidi kwa kila gigabaiti, lakini haina sahani inayozunguka, hivyo huvumilia mitikiso ya pikipiki kwenye mawe ya lava. Ubaya: huweza kufa ghafla, bila ule mlio wa ka-ka-ka wa kuonya.

Laputopu ya kubebwa kila siku, SSD. Ghala la picha za harusi, diski mbili za kawaida, nzima.