Kitochi cha laini mbili: miezi minane kibandani

Nilikinunua Machi kwa Sh 28,000, hapa hapa Msamvu, Morogoro, kwa ajili ya kibanda changu cha uwakala wa pesa. Kampuni siitaji, maana nina lawama moja, na vitochi vingi vya bei hii vimefanana.

Kwanza chaji. Nakichaji Jumapili usiku, nashinda nacho kwenye *150*00# ya M-Pesa kuanzia asubuhi mpaka nafunga saa tatu usiku, na Jumatano bado kinadai. Vitufe vilikuwa vigumu wiki ya kwanza, vikalainika. Spika inatosha, hata mzee aliyesimama nje ya dirisha anasikia. Umeme ukikatika nahesabu noti kwa tochi yake na foleni haisimami. Ila meseji zikijaa, mpya haziingii mpaka ufute za zamani, na kwa wakala hilo si dogo: meseji ya muamala isipoingia, mteja anakuona tapeli. Mimi nafuta kila Jumamosi.

Lawama yangu ni saa. Mfuniko wa nyuma umelegea. Kikianguka betri inachomoka, na ukiirudisha saa na tarehe vinakuwa vimepotea. Kinakutaka uandike upya, na wewe una watu dirishani, unaandika chochote kiwake.

Juni kilianguka. Binti anayenisaidia akakiokota, akaweka saa kama tunavyoisema mdomoni. Ilikuwa saa mbili asubuhi, akaandika 02:00. Sikujua, kwa sababu saa naangalia kwenye simu yangu kubwa. Wiki mbili baadaye akaja mama mmoja, anasema alinipigia asubuhi kuhusu pesa iliyokwenda namba isiyo yake na sikumsaidia. Nikafungua simu zilizoingia. Namba yake ipo, pembeni 02:10. Nikamwambia, "Mama, hapa inaonyesha ulipiga saa nane usiku." Akasema, "Mwanangu, saa nane usiku nilikuwa nimelala. Nimekupigia saa mbili, watoto wameshakwenda shule."

Pesa yake tuliishughulikia ikarudi. Lakini siku ile nilifunga kibanda mapema.

Mwaka 2017 nilikuwa naishi na mwanaume, dereva wa lori, Dar kwenda Tunduma na kurudi. Tulikuwa na miaka minne pamoja. Simu kubwa aliiacha mezani, haina hata nywila. Kitochi hakikutoka mfukoni. Alisema njiani, ukishapita Mafinga, simu kubwa inazima na kitochi ndicho kinachomfikisha. Mimi nilisikia kingine. Usiku mmoja yuko bafuni nikakichukua. Namba moja, haina jina, inajirudia: 02:20, 02:45, 03:05. Kesho yake nikaipiga. Akapokea mwanamke, sauti changa, akaniuliza, "Umefika?" Nikakata.

Mwanaume wangu aliponiambia yule ni karani wa ofisi ya mizigo, kwamba kila asubuhi anapiga kuuliza lori limefika wapi, nilimuuliza ni karani gani anayefanya kazi saa nane usiku. Sikumwonyesha kitochi. Nilimtajia saa tu. Alinyamaza, akaniangalia kama mtu asiyeelewa anachoulizwa, na mimi ule ukimya nikauchukua kuwa amekiri. Haukuisha mwezi, mabegi yake yakawa kwa dada yake Kihonda.

Kitochi chake kilikuwa na karatasi iliyokunjwa nyuma ya betri ili isichezecheze. Nilikuwa naiona kila siku. Mara ngapi betri ile ilichomoka kwenye matuta ya njiani, akairudisha na kuandika saa mbili kama anavyoitamka? Najaribu kukumbuka tarehe iliyokuwa kando ya zile namba. Sikuiangalia. Niliangalia saa peke yake.

Sisemi hakuwa na mtu. Kuna risiti ya gesti ya Makambako, ya siku aliyosema amelala kwenye lori, na mpaka leo sijapata maelezo yake. Lakini risiti ile niliikuta baadaye, mabegi yameshatoka. Nilichomfukuzia ni saa. Dada yangu anasema yamepita, nimwache alipo, na nimemwacha, ana familia yake sasa. Inaniuma tu kwamba alijibu swali kweli, pengine, na mimi sikumpa nafasi ya kushika ile simu tukaitazama wote wawili.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Mwenye kibanda, mkulima wa mbali na umeme, mzazi anayetaka simu ya kupokea na kupiga tu, mchukulieni hiki bila wasiwasi. Ukiwa dukani fungua mfuniko, ubonyeze betri kwa kidole. Ikicheza, omba kingine. Kisha weka saa za usiku na mchana sawasawa, saa mbili asubuhi uandike 08:00, na usiruke sehemu ya tarehe hata kama muuzaji anakuharakisha.

Changu nimekibana kwa gundi ya karatasi nyuma. Saa nimeiweka mwenyewe, na tarehe pia, na kila nikifungua kibanda nailinganisha na ya simu kubwa kabla sijampokea mteja wa kwanza.