Mashine ya bisi niliyoifanya ya kukaangia kahawa: miezi minne baadaye

Niseme mapema: hii mashine imetengenezwa kwa ajili ya bisi. Hakuna aliyeniahidi kahawa. Kwa hiyo nikiilalamikia huko chini mnivumilie, ni kama mtu kulalamika kwamba kanga yake haifai kuwa turubai.

Ya kwanza niliipata mtumbani kwa shilingi 20,000, nzuri, nyeupe, haina mkwaruzo. Nilipoichomeka ikanguruma kama pikipiki iliyong'oka ekzosi, ikatoa cheche, ikanyamaza moja kwa moja. Fundi akaigeuza, akanionyesha kibandiko kitakoni: "Mama, hii ya volti 120. Huku kwetu 230. Umeichoma mwenyewe." Sikuwa na la kujibu. Basi ukienda kununua, geuza kwanza usome kitako.

Ya pili nilinunua mpya Kariakoo, 65,000, wati 1,200. Angalia ndani ya kile kikombe chake: hewa ya moto itoke kwenye matundu ya pembeni, ikizungusha punje kama upepo wa kimbunga. Zile zenye wavu chini kabisa achana nazo kwa kahawa, maganda yanaweza kudondokea kwenye waya wa moto yakashika moto.

Kahawa mbichi naichukua kwenye duka la viungo huko huko Kariakoo, 14,000 kwa kilo. Muuzaji kila gunia kwake limetoka Mbinga. Nikirudi wiki ijayo nikiuliza ya Moshi, gunia lile lile limetoka Moshi. Nimeacha kubishana, natumia macho na pua: nataka punje za kijani iliyopooza, zenye harufu ya majani makavu. Zikiwa nyeupe-nyeupe zimekaa sana, zikiwa na vitundu zimeliwa na wadudu. Nachambua mezani kama mchele.

Sasa kazi yenyewe. Napima gramu 80, si zaidi, maana ukijaza punje hazizunguki na za chini zinaungua. Naenda uani, naweka beseni mbele ya mdomo wa mashine, nawasha. Dakika ya kwanza zinanuka nyasi. Zinageuka njano, harufu inakuwa ya mkate, na yale maganda membamba, kama ya karanga, yanaanza kuruka. Kwenye dakika ya nne unasikia pa! pa! Ule ndio mpasuko wa kwanza, na kuanzia hapo hiyo ni kahawa inayonyweka. Ukiendelea kuna mpasuko wa pili, mlio wake mwembamba, kama chumvi ya mawe ikianguka kwenye makaa. Kati ya milio hiyo miwili ndipo ladha yako ilipo, na kwa mashine hii una kama dakika moja na nusu tu ya kuamua. Simu ikiita usipokee.

Na hapo ndipo ugomvi wangu nayo ulipo. Feni yake inapiga kelele kiasi kwamba mpasuko wa pili nausikia kwa kuinamisha sikio, na kifuniko chake cha plastiki kimeshaanza kupinda kwa joto. Nikikaanga mikupuo miwili mfululizo, wa pili unakimbia kuliko wa kwanza kwa sababu mashine imeshachemka. Naipumzisha dakika kumi na tano.

Nikizima namwaga kwenye ungo, napepeta mbele ya feni. Ungo wa mama yangu ndio kifaa bora kuliko vyote katika shughuli hii, unapoza na kutoa maganda kwa mkono mmoja. Gramu 80 zinarudi kama 68, maji yamekwenda. Umeme ni kama uniti 0.12 kwa mkupuo, Luku haishtuki. Usiisage siku hiyo hiyo, iache walau siku moja itoe hewa yake. Mimi niliifunga kwenye mfuko ikiwa bado ya moto, asubuhi mfuko umevimba kama mpira.

Mkupuo wa kwanza nilizima mapema, zikatoka rangi ya mdalasini. Baba Neema akaonja, akaangalia kikombe, akaniuliza, "Hii ni chai au kahawa?" Yeye amelelewa na dele la kijiweni, na tangawizi na kashata. Mama mkwe, Mhaya wa Bukoba, hakutaka hata kuonja. Kwao mgeni hupewa punje zilizochemshwa na kukaushwa atafune, sasa haya mambo ya mashine anayaona utoto. Alinipa robusta, aina ya kahawa ya huko, nijaribu. Ilitoka kali, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ile aina nyingine ya kahawa, na mimi sikulala mpaka adhana ya alfajiri.

Kwa hiyo kama nyumbani mnaokunywa ni wawili, nunueni. Kahawa ya Jumatano iliyokaangwa Jumatatu, ikiwa imesagwa dakika hiyo, ina harufu ambayo ya kopo haina. Ila siku ya wageni mashine naiacha kabatini. Natoa karai, nawasha mkaa, nakaanga nusu kilo kwa mwiko kwa dakika ishirini huku jirani akiuliza juu ya ukuta, "Mama Neema, kuna kinachoungua huko?" Punje hazilingani rangi, nyingine nyeusi nyingine kahawia, lakini zinatosha watu.

Juzi Baba Neema alipeleka chupa yangu kijiweni bila kuniambia, ya mkupuo niliouacha ufike mpasuko wa pili. Amerudi na chupa tupu na salamu za mzee wa pale: nyingine nikaange zaidi kidogo, na niongeze tangawizi.