Mtaalamu wa mawasiliano kwa watoto wasioongea, anayekuja nyumbani, hapa Moshi: maoni ya mama anayemlipa

Wengi mnaniuliza kuhusu yule dada anayekuja kumfundisha binti yangu, kama anafaa na kama hela anayotoza ina maana. Jibu langu ni ndiyo, anafaa sana, ila yapo ya kujua kabla hujamwita. Jina lake silitaji kwa sababu hajitangazi popote. Anayemhitaji anitafute sokoni Kiboriloni, nauza mitumba ya watoto.

Binti yangu ana miaka tisa na ana mtindio wa ubongo. Anasikia vizuri, anaelewa Kiswahili na Kichagga cha bibi yake, ila maneno hayatoki na vidole havishiki penseli. Dada huyu nilielekezwa na mama mwenzangu tukiwa kwenye benchi hospitali ya KCMC. Anatokea Arusha, na anatoza shilingi 30,000 kwa ujio mmoja, nauli ikiwa humo humo.

Nilianza kumwamini pale alipoacha begi lake bila kulifungua, akakagua kiti. Alisema mtoto anayehangaika asianguke hawezi kufikiria herufi. Akamwita fundi seremala wa mtaani kwetu Pasua, akampa vipimo vya egemeo na pa kukanyagia miguu. Baada ya hapo akataka tuanze kujifunza sisi watu wa nyumbani.

Kifaa chake kikubwa ni ubao wa picha wenye maneno 36. Umetoka kwenye Project Core, mradi wa kituo kinachoshughulikia kusoma, kuandika na ulemavu cha Chuo Kikuu cha North Carolina kule Marekani. Unapatikana bure kwenye intaneti, na yeye ametuandalia wa Kiswahili. Nilitegemea kuona picha ya maji, ya choo, ya chakula. Hazimo. Kuna "zaidi", "siyo", "nenda", "angalia", "tofauti", "saidia", "nani", "kwa nini". Mtoto mwenye picha ya maji, anasema dada, ataomba maji basi. Mwenye "siyo" na "tofauti" anaweza kubishana nawe juu ya chochote.

Na kweli anabishana. Jumapili moja nilimletea gauni la kanisani, la njano, lenye marinda. Ngumi yake ikasogea polepole juu ya ubao, ikapitiliza, ikarudi, ikatua kwenye "tofauti". Nikaleta la pili. "Siyo." La tatu lilikuwa la kijani, nililokuwa nimelitenga kwa ajili ya kuuza, akaangua kicheko. Ndilo alilovaa. Tangu azaliwe nguo zake nilikuwa nazichagua mimi peke yangu, na siku hiyo nilifurahi mpaka nikachelewa ibada.

Namna ya kuutumia ni rahisi kueleza, kuizoea ndiyo kazi. Mkubwa anagusa picha huku anaongea kama kawaida, na mtoto halazimishwi kurudia. Uko jikoni, unagusa "zaidi", unasema naongeza maji zaidi. Ukimwuliza swali, unanyamaza umsubiri. Wengi wetu tunashindwa kwenye kunyamaza. Dada akiona mtu anataka kumjibia mtoto, anainua kiganja tu, wote tunatulia.

Mama mkwe wangu aliuliza jambo ambalo wengi mnalo moyoni: akizoea picha, si ataacha kabisa kujaribu kuongea? Dada alikaa naye chini, akamweleza uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2006 na Millar, Light na Schlosser. Katika watu 27 waliofuatiliwa kwa makini, hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua, na karibu asilimia 89 waliongeza, ingawa kwa wengi nyongeza ilikuwa ndogo. Hakumwahidi bibi kwamba mjukuu ataongea. Nilimheshimu kwa hilo, maana tumeshauziwa ahadi nyingi.

Upande wa kusoma na kuandika ndio ninaousifu kuliko yote. Herufi zote alizitoa kwa mara moja, hakusubiri mtoto ajue A ndipo apewe B. Anazitaja moja moja kwa sauti ile ile, na binti akitazama juu, hiyo ndiyo aliyoichagua, inaandikwa. Mwanzoni yalitoka mafungu ya herufi yasiyosomeka. Dada hakumsahihisha, alikuwa anasema "naona K, naona M mbili", wanaendelea. Siku moja walipiga picha mbuzi wa bibi, binti akatakiwa aandike chochote chini yake. Akachagua B, akachagua Z. Wiki zilizofuata ikawa MBZ. Sasa anaandika MBUZI, na mwalimu wake alipopelekewa karatasi aliisoma bila kuambiwa ni nini.

Vitabu wanatunga wenyewe kwa picha za simu, tunachapisha stesheneri. Vingine wanasoma kwenye Tar Heel Reader, maktaba ya bure ya intaneti.

Kasoro zipo. Ripoti zake za kwanza zilikuwa Kiingereza kirefu; nililalamika, siku hizi ananitumia sauti ya WhatsApp. Ana watoto wengi, kwa hiyo ukikosa zamu yako unangoja. Karatasi zilizovikwa plastiki zinabanduka kwa mate na jasho, zizungushie selotepu pana pembeni. Na kama unatafuta mtu wa kumfanya mtoto aongee kufikia Krismasi, huyu siye.

Kuna wataalamu wanaosema mtoto hayuko tayari kupewa ubao mpaka kwanza alinganishe picha au akae ametulia. Mimi niliambiwa hivyo, nikapoteza muda mrefu. Ukisikia hivyo, tafuta mwingine, na wakati unatafuta, chapisha ule ubao wa bure uanze nao jikoni kwako.

Elfu thelathini ni nyingi kwa sisi wa meza. Dada amekubali kukutana na watoto wawili au watatu pamoja, tunagawana gharama. Mimi na mama mmoja wa Majengo tumeshaanza, Jumamosi asubuhi. Nafasi ya mtoto wa tatu ipo.