Nililipiwa Land Cruiser, ikaja Noah: siku 5 Kolo, Isimila na Kalenga

Kwa miaka 31 nimefundisha Historia shule za msingi mkoani Arusha, na kila mwaka, ikifika mada ya zama za mawe, nimeandika ubaoni majina yale yale: Olduvai, Kondoa Irangi, Isimila. Olduvai nilifika mara moja na basi la shule. Hayo mengine mawili, Kondoa Irangi yenye michoro ya miambani kule Kolo, na Isimila yenye zana za mawe, nilikuwa nayajua kwa chaki tu. Nilipostaafu wanangu wakachangishana, wakanilipia safari ya peke yetu: mimi, mama watoto, na mjukuu wetu wa kidato cha pili. Gari letu, dereva ambaye ndiye pia mwongozaji, vyumba na chakula cha mchana humo humo, Arusha hadi Iringa kwa Sh 3,200,000. Kampuni siitaji jina. Mwishoni walijirudi kidogo, na isitoshe niliyoyaona nadhani yangenikuta hata kwa majirani zao.

Karatasi ya makubaliano ilisema Land Cruiser. Saa kumi na mbili asubuhi ikasimama Noah getini. Dereva, kijana mpole, alinipa shikamoo ndefu kuliko kawaida, nikajua pana neno. "Mzee, ile kubwa imelala gereji." Nikamuuliza, na kule kupanda Kolo je? "Tutajua huko huko, mzee." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, kwa watoto ambao hawakufanya kazi ya nyumbani.

Kwenye lami Noah haina kosa. Mama watoto alisinzia mpaka karibu na Babati, na tukashukuru kwamba tunasimama tunapotaka, maana magoti yangu hayawezi tena safari za basi. Maboksi ya chakula ndiyo yalikuwa msiba: chipsi za jana, yai, ndizi, juisi. Tukampa mlinzi wa kituo cha mafuta, tukaenda kula samaki Babati kwa pesa zetu.

Ni njiani humo nilipoanza kuona tatizo hasa la kampuni hii, nalo si gari. Kijana wetu amefunzwa wanyama. Kabla ya Babati, tulipopita njia panda ya mbuga ya Tarangire, alichangamka, akatueleza tembo dakika 20 bila kupumua, na alieleza vizuri. Tulipovuka kona za Bereko, ardhi ikageuka nyekundu, makorongo yakaanza kufunguka kando ya barabara kama jeraha, akanyamaza akawasha muziki. Nikauzima. Nikamweleza mjukuu kwamba hapa ndipo palipokuwa na mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, na kwamba mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa kwenye eneo la Kondoa lililomomonyoka vibaya ili ardhi ipone. Dereva akasema hakuwahi kusikia. Kwenye ratiba yao Kolo ilikuwa imeandikwa "saa 2", yaani tukae saa mbili tu. Kwao nchi hii yote ni njia ya kupita kati ya mbuga na mbuga.

Ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo iko barabarani, huwezi kuikosa. Tulilala Kondoa mjini, asubuhi tukarudi, tukalipa kiingilio (kwa Mtanzania ni kidogo mpaka unaona haya), tukapewa mwenyeji, Mrangi wa makamo mwenye kofia ya sufi. Akaizunguka Noah mara moja, akatabasamu. "Hii itatufikisha mtoni."

Ikatufikisha mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, na Noah ikazama hadi ringi. Mwenyeji akapiga simu, zikaja bodaboda mbili. Mimi na mjukuu tukapanda mshikaki. Mama watoto akasema yeye harudi ujana, atangoja, halafu alipoona kweli tunaondoka akafunga kitenge vizuri, akapanda ile ya pili, akatupita njiani. Baada ya hapo ni miguu, kwenye mawe na vichaka, mwinuko wa kukata pumzi. Mwenye magoti mabovu achukue fimbo, na asikubali kuharakishwa.

Mwanzoni niliona madoa. Nilikaribia kusema neno baya. Mwenyeji akaniambia, "Mwalimu, usitafute. Kaa." Nikakaa. Kidogo kidogo jabali likaanza kutoa watu: wekundu, wembamba, warefu, vichwa vikubwa vyenye mistari kama nywele zilizosukwa. Kisha wanyama. Kisha michoro mingine minene, myeupe, imepakwa juu ya ile myekundu kana kwamba wachoraji wa baadaye hawakuona haja ya kuomba radhi. Alitueleza kwamba ile myembamba nyekundu inahusishwa na wawindaji wa kale, ndugu wa hawa tunaowaita Wasandawe na Wahadza, na nyeupe na wakulima waliokuja baadaye. Kuna kundi moja la watu ambapo wa katikati anavutwa huku na huku. Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyekuja kunakili michoro hii mwaka 1951, aliona mwanamke anatekwa. Wapo wataalamu walioona watu kwenye ngoma ya kupandisha. Mjukuu wangu aliona watu wanagombania simu.

Sikujua kwamba mahali hapa bado panatumika. UNESCO waliyaingiza maeneo haya kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini wenyeji hawakungoja cheti: wanapanda mpaka leo kuomba mvua na uponyaji, na pombe ya tambiko hurushwa miambani. Wahifadhi wanalalamika kwamba pombe inaharibu rangi. Mwenyeji wetu alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyotumia kuonyesha mashimo yaliyochimbwa na watu wanaotafuta hazina wanayoamini iliachwa na Wajerumani. Nikamuuliza yeye yuko upande gani. Akasema, "Mwaka wa ukame hutaniuliza hivyo."

Tulikaa huko mpaka jua likageuka. Zile "saa 2" zikawa siku nzima, na hakuna aliyenitazamia saa. Hicho ndicho pesa ya wanangu ilichonunua, na kwa hicho silalamiki: nilikaa mbele ya jabali moja dakika 40, dereva amelala chini ya mti kule mtoni na gari lake lililokwama. Lakini kati ya ile milioni 3 na ushee, kilichofika Kolo ni kiingilio, bodaboda, na bahasha niliyompa mwenyeji kutoka mfukoni mwangu. Aliyefanya kazi ya kuongoza ni yeye.

Gesti ya Kondoa ilikuwa safi, maji ya moto yanakuja kwa ndoo, ugali wa uwele na mlenda na kuku wa kienyeji. Mjukuu aliusukuma mlenda siku ya kwanza, siku ya pili akaongeza. Siku ya tatu ilikuwa barabara tu: Dodoma, bwawa la Mtera ambako harufu ya samaki inaingia garini hata ukifunga vioo, halafu Iringa usiku, na baridi ambayo hakuna aliyetuonya. Mama watoto alilala na koti langu.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, barabara ya Mbeya. Watu huenda kwa ajili ya nguzo, na nguzo zinastahili: unashuka korongoni, ghafla umezungukwa na minara ya udongo mgumu iliyochongwa na mvua, mingine ina jiwe kichwani kama kofia, ndilo lililoikinga isiliwe. Wapiga picha waende asubuhi au jioni, mchana mwanga unaiua. Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya mawe yaliyolala chini. Yaligunduliwa mwaka 1951, mwaka ule ule Mary Leakey alipokuwa Kolo na makaratasi yake, jambo ambalo sikuwahi kuliunganisha darasani hata siku moja. Uchimbaji ukafuata mwaka 1957 na 1958, na umri uliopimwa ni kama miaka 260,000.

Mwongozaji wa pale aliniwekea shoka la mkono viganjani. Miaka 31 nimelichora ubaoni dogo, umbo la embe. Lile lilitaka mikono miwili. Mjukuu akasema, "Babu, ulikuwa unatudanganya." Nikasema ndiyo.

Kalenga tulipita alasiri. Fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, limo kwenye kioo. Mkataba wa Versailles, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, uliwadai Wajerumani walirudishe, likarudi mwaka 1954. Mama watoto alibaki nje, hapendi mambo hayo, na sikumlazimisha. Dereva, akijitahidi sasa, alimweleza mjukuu kwamba Mkwawa alikufa 1891. Nikashindwa kuvumilia: 1891 ni Lugalo, alipowapiga Wajerumani, alijiua 1898. Mjukuu aliona haya kwa niaba ya wote. Asubuhi ya mwisho tulipanda Gangilonga, jiwe linalosema, tukaangalia mji, kisha tukashushwa stendi.

Niwape alama, maana ndiyo kazi niliyoizoea. Uendeshaji 9 kwa 10, kijana hakukimbia wala hakushika simu. Malazi 7. Maboksi ya chakula 1, ya yai. Maelezo ya njiani 3, na hizo zote za tembo. Niliporudi nilikwenda ofisini kwao na karatasi ya makubaliano mkononi. Walibishana kidogo, wakarudisha Sh 250,000 na kuomba radhi. Mwenye kampuni akaniuliza kama ningesafiri nao tena. Nimemwambia nataka magofu ya kale ya Engaruka mwezi wa saba, mwongozaji nitamchukua kijijini mwenyewe, na Noah ibaki Arusha.