Miezi tisa katika bendi ya matarumbeta ya mtaa: uzoefu wangu

Watu kadhaa wameniuliza kama mtu asiyejua kitu anaweza kujiunga na bendi ya mtaa na akafaidika. Nimemaliza miezi tisa katika moja hapa Mombasa, kwa hivyo naandika nilivyoona mwenyewe. Nilipoingia nilikuwa na miaka 38 na sijawahi kushika ala ya kupuliza. Muziki wangu wote ulikuwa kuimba alto kwenye kwaya ya kanisa, Mikindani, kwa solfa, yaani do, re, mi.

Kabla ya hapo nilishajaribu njia mbili. Kwanza video za kwenye simu, ambazo zilinionyesha vidole lakini hazikuweza kuniambia kwamba naibana tarumbeta kwenye meno. Kisha nikampata mwalimu wa kunifundisha peke yangu, shilingi 1,000 kwa saa. Kazi yake aliijua. Shida ilikuwa upweke: nikikosea hakuna kilichoharibika, nikipatia hakuna kilichokamilika. Baada ya wiki sita nikaacha.

Bendi hukutana Jumanne na Alhamisi jioni, na Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi mdogo upande wa Tononoka. Kiingilio nililipa 1,000, na mchango wa kila mwezi ni 500. Kwa pesa hizo unaazimwa tarumbeta na unafundishwa na yeyote anayekuzidi. Kitu kimoja tu cha lazima kununua ni mauthpisi yako, kile kipande kidogo cha kutia midomoni. Nawasihi msiazime cha mtu. Mimi nilichukua chenye alama 7C, ambacho wengi huanzia, na sijaona haja ya kukibadilisha.

Siku ya kwanza mwalimu wetu, mzee mmoja wa Mji wa Kale asiyevua kofia yake ya kudariziwa, alinipokonya tarumbeta na kuniachia mauthpisi mkononi. "Mwanangu, tarumbeta haina sauti. Sauti ni midomo yako ikitetemeka. Hilo bomba lakuza tu." Wiki mbili nzima nilitetemesha midomo. Dakika kumi zikipita, misuli ya pembeni mwa mdomo inachoka kabisa na hakuna sauti inayotoka, wala kulazimisha hakusaidii. Ndipo nilipofahamu kwa nini wapulizaji wazoefu hupumzika karibu sawa na wanavyopiga. Jipe dakika kumi asubuhi na kumi jioni, usijipe saa moja Jumapili.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo solfa iliponiokoa. Tarumbeta ya kawaida ina pistoni tatu, vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole. Do ya kuanzia haibonyezwi kitu. Re ni ya kwanza na ya tatu, mi ni ya kwanza na ya pili, fa ni ya kwanza peke yake. Halafu sol: hubonyezi kitu tena, sawasawa na do! Vidole ni vilevile. Kinachotofautisha ni midomo na pumzi. La nayo inarudia vidole vya mi. Kwa hivyo lazima uisikie sauti kichwani kabla hujapuliza, la sivyo itatoka nyingine. Mwanakwaya amefanya hivyo maisha yake yote.

Tena kuna jambo linalowachanganya wengi wanaoanza. Tarumbeta hiyo ni ya Bi flati (B♭), maana yake unapopiga unachokiita C, ile do, kwenye piano sauti hiyo ni Bi flati. Saksafoni alto ni ya I flati (E♭), kwa hivyo ili kuipata sauti hiyohiyo mwenzangu wa saksafoni anapiga anachokiita G. Wa tromboni anaiita kwa jina lake halisi. Watu watatu, sauti moja, majina matatu. Kijana mmoja aliyeingia pamoja nami, aliyejifunza kinanda shuleni, alitaabika sana kwa hilo. Sisi wa solfa do yetu imezoea kuhama. Mwalimu akisema "do ni hapa," tunakwenda.

Kilichonitesa mimi ni mdundo. Kwaya yetu ilihesabu moja hadi nne na kila kitu kikakaa ndani yake. Bendi hii inapiga nyimbo za harusi, na harusi za Pwani bila chakacha hazijawa harusi. Chakacha inakwenda kwa sita: kwetu chapuo, ngoma ndogo, inazigawa mbilimbili, na vumi, ngoma kubwa, inazigawa tatutatu, zote kwa wakati mmoja. Nikihesabu na moja, nyingine inaniangusha. Wiki ya tano au ya sita hivi, nilichelewa kuingia mara nne mfululizo kwenye wimbo mmoja, na machozi yakanilenga. Mzee wa vumi akaniita nikae karibu na ngoma yake. "Bi mdogo, usihesabu. Weka mguu kwangu, sikio liweke kwa mwenzangu." Nikatia mguu kwenye vumi, sikio kwenye chapuo. Mara ya tatu niliingia mahali pangu. Hakuna video wala mwalimu wa saa moja ambaye angenipa jambo hilo, kwa sababu lilihitaji watu wawili wengine wakipiga kweli, na mimi katikati yao.

Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa kwa wanaosema watajiunga wakishajua. Sauti nne zilizo mahali pake zinatosha kuwa na kazi ndani ya bendi. Nilipewa sehemu ya tarumbeta ya tatu, yenye sauti nne tu, na katikati yake kunyamaza kwingi. Kunyamaza huko kulinifunza zaidi, maana ilibidi niwasikilize wengine ili nijue ninaporudi.

Harusi ya kwanza niliyopiga ilikuwa mwezi wangu wa nne kwenye bendi, Kibokoni. Kupiga huku unatembea ni jambo jingine kabisa: kila hatua inaigonga mauthpisi mdomoni, kwa hivyo unajifunza kulegeza magoti na kukanyaga taratibu. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, kuta ni nene, na sauti ya shaba ikiingia humo inakurudia kutoka juu kwenye roshani. Kina mama walikuwa madirishani wakipiga vigelegele, watoto wametangulia mbele ya ngoma, na bwana harusi nyuma yetu. Nilipiga sauti zangu nne kwa karibu saa nzima. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kazi ya mikono yangu.

Tukisubiri bwana harusi atoke, mwalimu alitueleza kwamba tunachofanya kina umri mkubwa mjini humu. Ngoma ya beni, ambayo jina lake ni lile neno la Kiingereza la bendi likapata umbo letu, ilianza kwenye miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19. Mombasa ilikuwa na pande mbili zilizoshindana, Kingi na Skochi, kila upande ukitaka kumpita mwenziwe kwa mavazi, gwaride na matarumbeta. Baada ya kusikia hayo, nilipolishika tarumbeta langu lililobonyea nililiona kwa macho mengine.

Sasa yasiyonipendeza, na nayasema kwa sababu naipenda bendi. Mazoezi ya saa kumi na moja huanza karibu saa kumi na mbili. Kwa mtu anayetoka kazini Kilindini na ana feri ya kuvuka au watoto wa kupikia, saa hiyo inauma. Matarumbeta ya kuazima ni matatu, sisi tunaoanza tuko watano, kwa hivyo wiki nyingine unarudi nyumbani mikono mitupu. Nyimbo hazijaandikwa, unafunzwa kwa sikio, na ukikosa siku moja hakuna karatasi ya kukurudisha. Mimi nimeanza kuziandika kwa solfa kwenye daftari, na wenzangu wanazipiga picha. Jambo zito zaidi ni pesa za harusi. Mwanagenzi hapewi kitu miezi sita ya kwanza, na hilo nalikubali, lakini liliwahi kuwa wazi? Hapana. Nililijua siku ya mgao. Ukijiunga popote, uliza hilo mapema na uulize mbele ya watu.

Kwa upande wa wanawake, tuko wawili kati ya watu kumi na saba. Sijawahi kusikia neno baya kutoka kwa wenzangu. Harusi zikienda hadi usiku, wanahakikisha tumepanda tuktuk kabla wao hawajaondoka. Mwezi wa Ramadhani mazoezi husimama, na wakati huo nilienda Mama Ngina alfajiri, nikasimama kando ya mibuyu na kupiga sauti ndefu kuelekea baharini. Nyumbani siwezi, ninakaa ghorofa na jirani ana mtoto mchanga.

Na hewa yetu hii ya chumvi haina huruma kwa ala. Tarumbeta likikaa wiki bila kuguswa, pistoni zinakwama. Mimi nazitia matone ya mafuta yake kila ninapopiga, namwaga maji yote yaliyokusanyika ndani kabla ya kulirudisha kwenye sanduku, na mara moja kwa mwezi naliosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Maji ya moto yanabandua rangi.

Kati ya nyota tano natoa nne. Ile moja niliyoizuia ni ya saa na ya mgao. Kama unataka cheti au kusoma noti za karatasi, bendi ya namna hii haitakupa. Kama una sikio la kwaya, subira ya midomo, na jioni mbili na asubuhi moja kwa wiki, nenda hata kesho.

Jumamosi hii tuna harusi Majengo. Anayepiga tarumbeta ya pili amesafiri kwenda Voi, na mwalimu amenipa nafasi yake. Sauti zimekuwa tisa. Daftari liko mezani, pistoni nimeshazitia mafuta.