Ziara ya mauaji ya Mombasa, nikaishia kuoneshwa nyangumi

Mifupa ya nyangumi. Hapo ndipo tuliposimama muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na hii ni ziara tuliyouziwa ati ya mauaji ya zamani, visu na visasi, wenye moyo mwepesi wasije. Watu kumi na kitu tumeizunguka mifupa jua linatuchoma utosi, gaidi wetu, yaani guide, anatueleza habari za taya (ndio najua gaidi kwa Kiswahili ni mtu mwengine kabisa, liacheni hivyo hivyo, nimelichagua), mpwa wangu wa miaka kumi na moja akaniuliza kwa sauti kila mtu akasikia, shangazi, na huyu naye aliuliwa na nani?

Ngome ya Yesu yenyewe, ile ngome ya Wareno tuliyozungushwa, sina neno nayo, niliingia mara ya kwanza nikiwa skuli tumepangwa mistari na mwalimu ana fimbo na bado kila nikiingia mwili unasisimka. Tatizo ni hawa jamaa waliotuuzia tiketi na kijana wao mwenye maiki. Ilikuwa mwezi jana au ule wa nyuma yake, sikumbuki, lakini hasira nazikumbuka vizuri sana.

Basi tukatoka kwa nyangumi, tukafika zilipokuwa nyumba za makapteni wa Kireno, nikasema haya sasa, ndio twaingia kwenye damu. Kijana akatangaza kwamba hapa ndipo kapteni wa Kireno alipouliwa na Waomani waliporuka ukuta. Nikanyamaza. Nikahesabu mpaka kumi wallahi. Halafu nikamwambia kwa upole, na neno samahani nililitanguliza, mdogo wangu samahani, Waomani waliizingira hii ngome 1696 wakaichukua 1698, kapteni wa kuchomwa kisu unayemtafuta ni Pedro Leitão de Gamboa, Agosti 1631, na aliyemchoma si Muomani, ni mfalme wa hapa hapa Mombasa, Yusuf bin Hasan.

Kijana akaniangalia, akaiinua maiki mdomoni, maiki!, akasema: "Mama, umelipa kutembea ama umelipa kufundisha?"

Watu wakacheka. Hata yule bwana niliyemgawia maji yangu dakika tano kabla, alicheka mpaka kofia ikamvuka.

Miaka zaidi ya 60 bana. Amekosea kwa miaka yote hiyo, ni kama uambiwe babu yako aliuliwa na watu ambao hawajazaliwa bado, halafu ukisema hapana unaambiwa unafundisha. Na mimi si mwalimu, nauza vitambaa, haya mambo nimeyafuata mwenyewe kwa sababu ni ya mji wangu.

Sasa sikilizeni kilichonikera zaidi, maana hapa ndipo hata mimi nachanganyikiwa nitoe nyota ngapi. Bibi mmoja mtalii akauliza, kwani huyo Yusuf ni nani? Na kijana akaanza kueleza, na kumbe anajua! Tena anaeleza vizuri, ujuzi ameutoa wapi mtu huyu! Akashusha sauti, akasema mfalme alilelewa Goa, kule India, na mapadri wa Kiagostino, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, mwaka 1626 wakamfanya mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba, mfalme Mkristo, wao wamemlea wao wamemvika taji. Halafu usiku mtu akamuona kwenye kaburi la babake anaomba dua Kiislamu, habari zikamfikia kapteni, na mfalme akajua kwamba wakimkamata atarudishwa Goa mbele ya mahakama ya kanisa. Basi siku ya tarehe 16 Agosti akaja ngomeni na watu wake kama anayekuja kumuamkia kapteni. Hapo kijana akanyamaza, akatembea hatua tatu bila kusema kitu, akaufanya mkono hivi. Wapwa zangu hawakupumua. Mimi pia, nakubali.

Hapo nilikuwa nimeshampa nyota nne kichwani, na ile maiki nimeshaisamehe.

Akaharibu. Akamalizia kwa kusema "kwa hivyo alikuwa mfalme mwenye hasira nyingi, alirukwa na akili." Basi. Twende kwenye picha.

Hasira zimetoka wapi sasa? Zimeota kwenye kokoto? Babake Yusuf, Sultan Hasan bin Ahmad, alikuwa rafiki wa Wareno, ukoo wake ulitoka Malindi kuja kukaa Mombasa kwa msaada wao, halafu akagombana na kapteni wa wakati huo mpaka ikabidi akimbilie bara upande wa Rabai. Huko 1614 akauliwa na watu waliohongwa nguo na Wareno. Nguo! Kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Goa. Na mtoto wake Yusuf, ana miaka kama saba, naye akapelekwa Goa, huko huko kilikopelekwa kichwa cha babake, akafundishwe kusali. Hiyo ndiyo kesi ya kwanza ya mauaji kwenye hii hadithi na huyu kijana ameiruka kama dimbwi la maji. Ukianzia 1631 unaanzia kwa muuaji wa pili, lazima aonekane mwendawazimu.

Na simtetei Yusuf, msije mkaniandikia. Baada ya kapteni, Wareno wa mjini walikimbilia nyumba ya mapadri, na mwisho wakauliwa, wanaume, wanawake na watoto, na Waafrika waliokuwa wamebatizwa nao hawakupona. Mtoto amekosa nini? Kanisa lilifungua uchunguzi Goa kutaka watambuliwe kuwa mashahidi, yaani waliokufa kwa ajili ya dini, kwa hivyo wakaitwa mashahidi kutoa ushahidi juu ya mashahidi, Kiswahili chetu hapo kinatuchezea. Ukitaka ziara ya mauaji basi hiyo ndiyo, mauaji mawili yanaangaliana na damu iko pande zote, watu wangelia pale, hakuna haja ya nyangumi.

Haya, sasa tunatoka. Juu ya lango kuna jiwe la maandishi la kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika ukapteni 1635 akiwa na miaka 27 tu, na amejisifu mle utadhani mgombea ubunge, ameijenga ngome upya, ameadhibu huyu, amewarudisha watu wa pwani chini ya utii, na mfalme wetu amemwita dhalimu. Yusuf wakati huo ameshaondoka zamani, meli zilizotumwa kutoka Goa 1632 zilishindwa kumtoa, ndio baadaye akaiacha ngome mwenyewe akaingia baharini kuwa haramia mpaka akauliwa huko Bahari ya Shamu. Yote hayo unaweza kuyaeleza umesimama chini ya jiwe moja, kwenye kivuli, bure. Tumepita chini yake kijana anahesabu watu wasipungue.

Mpwa wangu mdogo, si yule wa nyangumi, ndugu yake, nilikuwa nimemuhadithia habari za kichwa tukiwa njiani. Akamvuta kijana shati akamuuliza, kama kichwa kilipelekwa Goa, huyo mfalme pale kaburini alikuwa anaombea mwili usio na kichwa? Kijana akasimama. Akaizima maiki. Akamchutamia mtoto akamwambia, "Hilo sijawahi kulifikiria, wallahi," na usoni ilionekana kweli hajawahi. Halafu akaniangalia mimi, akasema pole pole, mama, wenye kazi wanataka tumalize mapema, na wageni wanapenda nyangumi.

Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Nikamwambia hamna neno mwanangu. Nikampa na ya soda.

Nimefika nyumbani wamenitumia meseji nitoe maoni, "tumefurahi kukuhudumia", nikaandika nyota tatu kwa ajili ya kijana kuzima maiki. Halafu nikakumbuka hakuizima wakati ananitukana, wakati huo ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, na yule bwana wa maji yangu akacheka. Nimeshusha zikawa mbili. Wapwa zangu wanasema ilikuwa nzuri na wanataka kurudi, mdogo ameshachora mtu asiye na kichwa ukutani kwangu kwa makaa. Kama mnaenda nendeni na kijana huyo huyo, lakini muulizeni habari za 1614 kabla hamjafika kwa nyangumi. Mbili. Ukuta wangu juzi tu umepakwa rangi. Moja.